Askari wa udongo: 'amevunjika' au 'imevunjika'?

Wajukuu wangu kule Naitiri hufinyanga askari wa udongo, huwapaka chokaa na masizi, kisha huwapiganisha mezani. Vita vya aina hiyo H.G. Wells aliviandikia kanuni katika kitabu chake Little Wars mwaka wa 1913. Mmoja akilia, "Askari yangu imevunjika!" mwenzake humcheka: "Sema wangu amevunjika!" Nani kapatia?

Wengi hudhani ngeli ya A-WA ni ya wenye uhai pekee. La hasha! Mwanasesere hana roho, ila twasema "amevunjika". Askari naye hubaki A-WA hata akiwa wa udongo. Ukitaka "imevunjika", sema sanamu. Ukitaka "kimevunjika", sema kisanamu. Kete ya bao, isiyo na sura ya mtu, "imeliwa" tu, na sijaona anayeililia.