Bima ya Mali ya Pamoja baina ya Serikali za Kaunti: Utata wa Neno "Pamoja" katika Mkataba

1. Utangulizi

Ibara ya 189 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja ili kutekeleza majukumu yao. Ushirikiano wa namna hiyo huzaa mali: pampu, matangi ya maji, magari ya zimamoto, majengo ya masoko. Mali hiyo ikiungua au kusombwa na mafuriko, kampuni ya bima huuliza ni nani aliyepata hasara, na kwa kiasi gani. Makala haya yanaeleza kwa nini mkataba unaosema tu kwamba mali ni "ya pamoja" haujibu swali hilo.

2. Maslahi ya kibima

Sheria ya bima nchini Kenya, ambayo misingi yake mingi imetokana na sheria ya Uingereza, humtaka mkata bima awe na maslahi ya kibima. Yaani, awe ni mtu atakayepata hasara mali ikiharibika. Si lazima awe mmiliki. Chukua mfano wa chemchemi za Mzima. Chemchemi zenyewe zimo katika Kaunti ya Taita Taveta, ilhali maji yake husafiri kwa bomba la takribani kilomita 220 hadi Mombasa. Bomba likikatika, msimamizi wake hubeba gharama za ukarabati, msambazaji wa maji hukosa mapato, na kaunti hulazimika kuwatafutia wakazi maji kwa njia nyingine. Hizi ni hasara tatu zilizo tofauti, na bima ya kitu chenyewe kwa kawaida hufidia ile ya kwanza tu. Neno "pamoja" huzifunika zote bila kuzipambanua.

3. "Wote" au "kila mmoja"?

Misingi hiyo ya sheria hutofautisha aina mbili za bima ya washirika. Ya kwanza, ambayo hapa tunaiita bima ya umoja, huyahesabu maslahi ya washirika kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Mmoja wao akiificha kampuni habari muhimu au akifanya udanganyifu, wote wanaweza kunyimwa fidia. Ya pili, bima ya hisa, ina hati moja, lakini kila mshirika ana maslahi yake. Kwa kawaida kosa la mmoja halimnyimi haki mwenziwe asiye na hatia.

Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuonyesha tofauti hii. Sentensi "kaunti zote zimekatiwa bima" inaweza kufasiriwa kwa njia zote mbili. Sentensi "kila kaunti imekatiwa bima kwa kadiri ya maslahi yake" huelekeza waziwazi kwenye bima ya hisa. Kwa hiyo, uteuzi kati ya "-ote" na "kila" una uzito wa kisheria.

4. Kiasi cha bima

Washirika wanapotegeana, mali hukatiwa bima pungufu. Tuchukulie mtambo wenye thamani ya shilingi milioni 100 uliokatiwa bima ya milioni 60. Ukipata hasara ya milioni 20, na hati ikiwa na sharti la uwiano, fidia itakuwa milioni 12. Milioni 8 zilizosalia zitatoka katika bajeti za kaunti. Kwa upande mwingine, kila kaunti ikikata bima yake juu ya kitu kilekile na kwa maslahi yaleyale, haitalipwa mara mbili. Kampuni zitagawana fidia, na ada ya ziada itakuwa imepotea bure.

5. Hitimisho

Mkataba wa ushirikiano unapaswa kutaja mambo manne kabla ya bima kutafutwa: hisa ya kila kaunti, atakayekata bima na namna ada itakavyogawanywa, atakayepokea fidia, na iwapo ni lazima itumike kukarabati mali, na hatima ya bima kaunti moja ikijitoa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya, nao wawakilishi wa wadi ndio wanaopitisha bajeti za bima hizi. Ni haki yao kuusoma mkataba kwa Kiswahili kisicho na utata, wakati ambapo kasoro zake bado zinaweza kurekebishwa.