Je, Wajua? Mti wa Krismasi Kuilinda Pwani

Je, wajua ya kuwa mti wa Krismasi, maadamu ni mti wa asili wala si wa plastiki, waweza kutiwa kazini tena baada ya kuvuliwa mapambo yake? Huko Lytham St Annes, katika jimbo la Lancashire, Uingereza, misunobari iliyokwisha kutumika hukusanywa kila mwaka, na watu wa kujitolea huichimbia mahandaki mbele ya vilima vya mchanga vya pwani, wakaisimamisha safu kwa safu, mashina yakiwa ardhini na matawi yakiwa juu. Hata upepo utokao baharini upitapo humo hupungukiwa na kasi, ukaangusha mchanga ulioubeba, nao hurundikana kidogo kidogo mpaka ukaifunika miti yenyewe, kisha hupandwa juu yake nyasi zenye mizizi mirefu ili usihame.

Katika jimbo la Louisiana, Marekani, miti hiyo hujazwa katika nyua za mbao majini ili ivunje mawimbi na kutuliza tope. Na karibu na New Orleans helikopta za jeshi zimepata kuidondosha kinamasini mafungu kwa mafungu.

Ama Berlin, ndovu wa bustani ya wanyama hupewa misunobari iliyowabakia wauzaji, wakaitafuna kwa raha. Lakini iliyopambwa majumbani haipokelewi, kwa kuhofia mabaki ya mapambo, na tahadhari hiyo ni ya haki, kwani nyuzi zile za kumetameta hazitoki zote hata kwa mwenye subira.