Kinachosaga Espresso ni Meno, Si Mota

Mashine ya espresso husukuma maji ya nyuzi joto 93 hivi kupitia kahawa iliyoshindiliwa, kwa kanieneo inayokaribia mara 9 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Kwa muda mfupi hivyo, ladha huamuliwa zaidi na usagaji.

Chembe zikiwa kubwa, maji hupita mbio na kahawa hutoka nyepesi, yenye uchachu. Zikiwa laini kupita kiasi, kahawa hudondoka kwa shida na kuwa chungu. Chenga zikichanganyika ovyo na vumbi, maji hutafuta upenyo na kupita hapohapo: upande mmoja wa unga unakamuliwa mno, mwingine unabaki na utamu wake. Ndiyo maana blenda ya visu haifai kwa espresso. Hukatakata tu bila kipimo.

Kinu cha kweli kina vipande viwili vyenye meno, na buni husagwa katikati yake. Ukubwa wa chembe hutegemea nafasi iliyopo kati ya meno hayo, yawe yanazungushwa na mota au na mkono wako. Kwa bei moja, kinu cha mkono mara nyingi huwa na meno bora zaidi, kwa kuwa hulipii mota.

Chunguza pia hatua za kurekebishia nafasi hiyo. Comandante C40, kinu cha mkono cha Ujerumani, husogeza meno mikroni 30 kwa kila hatua. Kwa kahawa ya kuchuja inatosha. Kwa espresso, hatua moja yaweza kubadilisha muda wa kutoka kwa sekunde kadhaa. Watengenezaji wake wanauza pia ekseli inayosogeza meno mikroni 15 kwa kila hatua.

Umeme tuli nao una lake. Buni zikisuguana na kuvunjika, chembe hupata chaji na kugandamana. Mwaka 2023, timu ya Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ilionyesha katika jarida la Matter kwamba kulowesha buni kwa maji kidogo kabla ya kusaga hupunguza chaji hiyo na kutoa espresso nzito zaidi. Mbinu hii haina gharama, na inafaa kwa kinu cha mkono na cha umeme pia.

Basi, kama unakunywa kikombe kimoja au viwili kwa siku, nunua kinu kizuri cha mkono. Kama una mgahawa, wageni wengi, au unapenda buni zilizokaangwa kidogo, ambazo ni ngumu na huchosha mkono, chukua cha umeme. Vyovyote iwavyo, dukani uliza kwanza habari za meno na hatua zake, ndipo uulize bei.