Krismasi inapobisha hodi, nani amebaki mjini?

Mpenzi msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, Mombasa, Nakuru au mji mwingine wowote wa nchi yetu, bila shaka unaijua vyema hali inavyokuwa mwezi wa Desemba ukishafika katikati. Katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, abiria hupigana vikumbo tangu alfajiri. Magunia, masanduku, magodoro na vikapu vya mikate hupandishwa juu ya keria. Makanga huita kwa sauti zilizokauka: Kisumu! Busia! Kakamega! Kitui! Meru! Nauli ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa ya kawaida huwa imepanda ghafla, na bado watu hulipa. Kila mmoja ana hamu ya kufika nyumbani kabla ya tarehe 25.

Hao ndio tunaowaona. Tusiowaona ni wale ambao hawako kituoni.

Hebu keti kidogo uwahesabu watu wa ukoo wenu. Je, hakuna ami ambaye hajaonekana boma tangu alipopunguzwa kazini? Hakuna dada ambaye ndoa yake ilivunjika na tangu hapo hukaa kimya? Hakuna binamu aliyehitimu chuo miaka mitatu iliyopita na ambaye hadi leo anatafuta kazi? Ukiuliza kwa nini hawakuja, utaambiwa kwamba wana shughuli nyingi mjini. Aghalabu hawana shughuli yoyote. Wanaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Makala haya yanawahusu hao. Yanakuhusu na wewe uliye na nauli, kwa sababu wewe ndiwe unayeweza kuwafanya waje.

Kikapu cha baba

Ili tuelewe haya hiyo inatoka wapi, yafaa turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mwaka wa 1901 ikafika Kisumu. Mji wa Nairobi ulipozidi kukua, serikali ya kikoloni ilihitaji nguvu za wanaume wa Kiafrika lakini haikuwa na haja ya kuwaona wakiishi humo na jamaa zao. Kuanzia mwaka wa 1920, mwanamume alilazimika kutembea na kipande. Vibarua wa reli walipangwa katika vyumba vidogo vya landhi huko Muthurwa, na jina hilo la landhi lingali katika barabara ya Landhies hadi leo. Mke na watoto walibaki shambani.

Kwa wengi wa wanaume hao, likizo ndiyo iliyowapa nafasi ya kuwaona watoto wao, na Krismasi ikawa ndiyo siku iliyongojwa mwaka mzima. Kutuma pesa wakati huo kulikuwa ni kwa hawala ya posta, au kumpa mtu wa kwenu bahasha na kumwomba Mungu aifikishe. Basi baba alipokuja, alikuja na kikapu: sukari, majani chai, mkate, blanketi, leso ya mama na sare mpya za shule. Kikapu hicho hakikuwa cha kujionyesha. Kilikuwa ni sehemu ya mshahara wake ambayo familia ilikuwa imeingoja kwa miezi mingi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, mtoto aliye mjini anaweza kumtumia mamake pesa za dawa, za mbolea au za karo hata usiku wa manane. Familia haingoji tena Desemba ndipo ipate sabuni. Lakini ingawa kazi ya kikapu imekwisha, kipimo chake kimebaki. Bado tunamtazama mtu mikononi kabla ya kumtazama usoni. Aliyekuja kwa gari hupewa kiti cha mbele. Aliyeshuka kutoka kwa matatu huulizwa, kwa mzaha, kama jiji limemshinda. Mzaha kama huo ukirudiwa mara mbili, mwaka wa tatu mtu huyo hatamwona nyanya.

Tunachokipoteza

Huenda ukasema, ewe msomaji, kwamba mtu mzima akichagua kubaki Kayole au Kisauni hiyo ni hiari yake. La, hasha! Mtu mzima hakai peke yake. Ana watoto. Watoto hao hukua wakimjua babu kwa picha na kwa sauti ya simu. Hawajui ni nani shangazi na ni nani rafiki tu wa mama. Wakikutana na binamu zao barabarani, watapitana kama wageni.

Isitoshe, familia nyingi siku hizi hukutana kamili siku ya mazishi peke yake. Nyanya akifariki, kamati huundwa usiku huo huo. Mwenyekiti hupatikana, mweka hazina hupatikana, na katika siku tano au sita pesa nyingi huwa zimechangwa za jeneza, hema, basi na chakula cha waombolezaji. Hata yule ami asiye na kazi huwekwa ndani ya basi bila kuulizwa ametoa ngapi.

Sasa jiulize: ikiwa tunaweza kuchanga kiasi hicho kwa siku tano ili tumzike nyanya, kwa nini tushindwe kuchanga kidogo kidogo kwa miezi kumi ili tule naye chapati akiwa hai?

Mfuko wa familia

Haba na haba hujaza kibaba. Tuseme ninyi ni ndugu saba mnaofanya kazi. Kila mmoja akiweka shilingi 500 kila mwezi kuanzia Februari hadi Novemba, atakuwa ameweka shilingi 5,000. Ndugu wote saba watakuwa na shilingi 35,000. Hizo zaweza kununua mbuzi, mchele, unga, mafuta ya kupikia na soda za watoto katika nyumba nyingi za mashambani, na kiasi kikabaki. Ikiwa uwezo wenu ni mdogo kuliko huo, anzeni na shilingi 200. Wake kwa waume wanaijua njia hii kutoka kwa vyama vyao. Kinachokosekana ni kuileta ndani ya ukoo.

Hata hivyo, mfuko huo utakuwa na faida tu iwapo mtafuata mambo matatu.

Kwanza, nauli ya asiye na kitu itoke mfukoni kabla hata mbuzi hajanunuliwa. Mweka hazina ampigie simu mapema na amtumie bila kelele. Asimwambie kwamba anasaidiwa. Amwambie tu kwamba nauli yake imetoka kwenye mfuko kama ya wengine.

Pili, orodha ya waliotoa isisomwe mbele ya watu. Harambee za hadharani zina mahali pake, kama vile kujenga darasa au zahanati. Lakini nyumbani kwa wazazi, jina la aliyetoa shilingi 10,000 likisomwa kwa makofi, aliyetoa 200 atatafuta kichaka cha kujificha.

Tatu, kila mtu awe na kazi. Asiye na pesa ana mikono. Anaweza kutangulia siku mbili akapasua kuni, akafagia boma, akarekebisha ua na kumsaidia babu kuchagua mbuzi sokoni. Aliye na shamba alete mahindi, ndizi au kuku. Mtu aliyepewa jukumu hajihisi mzigo.

Majirani zetu Waislamu

Jambo hili si geni. Watazame majirani zetu Waislamu. Kabla ya kwenda katika sala ya Idd-ul-Fitr, Mwislamu mwenye uwezo hutakiwa awe ametoa zakatul-fitri, kadiri ya pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yake, awe mkubwa au mtoto mchanga. Chakula hicho huwaendea maskini. Maana yake ni wazi: asiye nacho ashughulikiwe kwanza, ndipo sikukuu ianze. Baada ya hapo ndipo sinia za pilau na vitamutamu hupelekwa nyumba kwa nyumba, na watoto huzunguka kwa jamaa wakiwa na nguo mpya wakitarajia vijisenti.

Utaratibu huo una funzo kwetu sote, haidhuru dini zetu. Krismasi ya ukoo inayoanza na mbuzi, kisha ikakumbuka jioni kwamba kuna mtu hakuja, imeanzia mwisho.

Nani yuko jikoni?

Kuna wengine ambao hufika lakini hawaioni sikukuu. Hawa ni kina mama, hasa wake za ndugu. Wanaume wakishamchinja mbuzi na kumchoma, huketi chini ya mti wakizungumza siasa na mpira. Mke wa ndugu mdogo, ambaye pengine ndiyo mara yake ya kwanza kulala katika boma hilo, yuko jikoni tangu saa kumi na moja asubuhi. Anakanda unga wa chapati za watu 40, moshi ukimtoa machozi, na mawifi wakimtazama kama anajua kusukuma.

Si ajabu, basi, mwaka unaofuata mama huyo akasema kwamba watoto wana homa na hawawezi kusafiri. Dawa yake si ngumu. Vijana wa kiume wateke maji na kuosha sufuria. Mawifi na wake za ndugu wagawane zamu. Mama wa boma, aliyewapikia wote kwa miaka mingi, aketi kitini apakuliwe kwanza. Na ikiwezekana, pesa za mfuko zimlipe jirani mmoja au wawili wanaotafuta kibarua wasaidie kupika siku hiyo.

Nanyi wanafunzi

Kwenu wanafunzi mlio likizoni, najua baadhi yenu huona safari ya gichagi, au ushago kama msemavyo, kuwa adhabu. Hakuna televisheni ya kutosha, choo kiko nje na simu haishiki vizuri. Lakini mna kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Chukua daftari, keti na babu au nyanya, uandike majina ya watu wa ukoo wenu kwa vizazi vinne. Muulize ni nani aliyehamia wapi, na kwa sababu gani. Mwombe akufundishe nyimbo na ngoma za kwenu. Mathalani, ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hufa pale anayeijua anapokosa wa kumfundisha.

Tena mwanafunzi, mwangalie rafiki yako. Huenda yuko mmoja bwenini ambaye hana pa kwenda Desemba, ama kwa kuwa wazazi wake walifariki au kwa kuwa kwao hakukaliki. Zungumza na wazazi wako mapema. Sahani moja zaidi haitafilisi boma, na mgeni njoo, mwenyeji apone.

Safari isiwe ya kifo

Yafaa pia tukumbushane juu ya barabara. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walipoteza maisha basi lilipogongana na lori huko Migaa, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Desemba ni mwezi wa haraka, na anayesubiri hadi tarehe 24 ndipo atafute nauli hupanda gari lolote litakalomchukua, liwe limejaa kupita kiasi au dereva awe hajalala. Hapa tena mfuko wa familia husaidia, kwani nauli ikiwa tayari mapema, watoto na wazee wanaweza kutangulia kabla ya msongamano, na wasafiri mchana. Ukimwona dereva anakwenda kasi kupita kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu iliyowekwa kwa magari ya abiria, sema. Abiria wote wakisema, atapunguza.

Januari inangoja

Mwisho, tusisahau kwamba baada ya Desemba huja Januari, ambayo Wakenya wameibatiza Njaanuari. Shule hufunguliwa, karo hudaiwa, naye mwenye nyumba hasikii habari za sikukuu. Baba aliyekopa ili aonekane tajiri kwa siku mbili atalipa kwa miezi sita, na mwaka ujao huenda yeye ndiye atakayeona haya kurudi. Krismasi inayolipwa na mtu mmoja humchosha huyo mmoja na kuwaaibisha wengine wote.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, usingoje Desemba. Wiki hii mpigie simu yule ndugu aliyekosa mwaka jana. Usimuulize kwa nini hakuja. Mwambie mnafungua mfuko, mwambie kazi mliyomwekea, na mwambie kwamba mama ameuliza habari zake. Jungu kuu halikosi ukoko, na boma lililopika kwa ajili ya watu 40 haliwezi kukosa sahani ya mmoja aliyekuja mikono mitupu.