Kubadilisha mulango wa garaje: ruhusa inaombwa lini?

Kila wiki mu Kolwezi kuna mutu anapanua garaje. Amepata kazi kwenye kompani ya mine, amenunua gari, na gari haiingii. Mwenye kusude milango anamwambia: «Leta avansi, kesho tunaweka.» Je, komini inapashwa kujua?

Inategemea unagusa nini. Ukitoa mulango wa chuma na kuweka mwingine mu tundu ileile, hayo ni matengenezo ya kawaida. Lakini ukivunja ukuta, ukimwaga linto mupya, ukigeuza chumba kuwa garaje, ao ukisogeza ukuta wa lupango kuelekea avenue, hapo unabadilisha jengo lenyewe. Sheria ya miji yetu inatoka kwenye dekreti ya 20 Juni 1957 juu ya urbanisme: mutu anaomba ruhusa mbele ya kujenga, hapana kisha. Nenda kwenye serivisi ya urbanisme ya komini yako, Dilala ao Manika, na karatasi ya lupango pamoja na muchoro wa kazi. Kila franga unayolipa, omba risiti.

Hii si kusumbua watu bure. Avenue ni ya wote. Mulango unaofungukia inje unakula njia ya wenye kutembea. Na ukimwaga béton juu ya mufereji ili gari ipande, mvua ya Januari inapeleka maji kwa jirani.

Kwenye kuomba ruhusa ndipo wengi wanagundua kama karatasi yao haitoshi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni certificat d'enregistrement inayotolewa na konservatere. Karatasi ya kuuziana kati ya watu wawili, hata ikiwa na muhuri wa shefu, haifiki pale.

Na madini ya chini ni ya Leta pia. Tukumbuke Kasulo: tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya lupango zao, mpaka chini ya vyumba. Mu 2017 familia nyingi zilihamishwa, na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta kuwa eneo la uchimbaji. Siku kama ile, nyumba inahesabiwa kwa vyumba na kuta. Ni vigumu kudai bei ya garaje isiyo na karatasi hata moja.

Kwa wanaopanga, na sisi vijana wengi tunapanga: mulango si wako. Pata kwanza neno la mwenye nyumba kwa maandishi, na muandike pia kama pesa itakatwa kwenye kodi ao hapana. Ukihama bila ile karatasi, mulango unabaki, na franga zako zinabaki nao.