Nyumba ya Magurudumu: Ikaguliwe Kwanza, Ilipwe Baadaye

Katika barabara kubwa za Marekani na za Ulaya, hasa wakati wa likizo, msafiri hukutana na gari la namna ya pekee. Kwa nje lafanana na basi. Kwa ndani ni nyumba kamili, yenye vitanda, jiko, meza, choo, bafu na tangi la maji. Wenyewe hawatafuti hoteli. Jua likitua huegesha mahali palipo ruhusa, hupika, hula na kulala. Kukipambazuka huendelea na safari yao. Wengine ni wazee waliostaafu, ambao wameuza nyumba yao ya matofali ili wakae humo mwaka mzima.

Yaliyo makubwa huendeshwa kwa mazutu, na bei yake si mchezo. Jipya laweza kupita dola 300,000. Kwa hiyo watu wengi hununua lililokwisha kutumika, na mara nyingi hulipa akiba ya miaka thelathini ya kazi kwa siku moja. Wakikosea, hawana miaka mingine thelathini ya kuweka akiba nyingine. Ndiyo sababu katika nchi hizo imezoeleka desturi ya busara: kabla ya kulipa, mnunuzi humwita fundi mkaguzi.

Msomaji wa Bukavu au wa Lubumbashi ataweza kuuliza: mambo hayo yanihusu nini? Yanakuhusu, ndugu msomaji. Chini ya sakafu ya nyumba hiyo mna mtambo, breki na mipira ileile iliyomo katika kamio na basi. Tena, kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo yapatayo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kupita yote lilikuja Afrika. Jamaa wanaochanga fedha ili wanunue kamio moja wamo katika hatari ileile ya wazee wale. Basi tutazame jinsi ukaguzi unavyofanywa, kisha kila mmoja achukue linalomfaa.

Gari huugua kwa kulala

Watu hudhani kwamba gari lililotembea kilomita chache ndilo zima. Kwa nyumba ya magurudumu dhana hiyo mara nyingi hudanganya. Kamio huchoka kwa kazi. Nyumba ya magurudumu huugua kwa kulala. Husafiri majuma machache, kisha hukaa uani miezi mingi. Wakati huo mipira hukauka, betri hufa, maji ya mvua hupenya paa polepole. Hata mazutu yenyewe huharibika: maji yakikusanyika chini ya tangi, vijidudu huota pale mazutu na maji yanapokutana, na uchafu wao huziba machujio.

Kwa sababu hiyo haifai kumwita kila muuzaji mwongo. Yawezekana yeye mwenyewe hajui kinachooza ndani ya kuta zake. Lakini ujinga wa muuzaji haupunguzi hasara ya mnunuzi. Wazee wetu walikataza kununua mbuzi ndani ya gunia. Hawakusema kwamba kila mwenye gunia ni mwizi, walisema lifunguliwe.

Nani akague?

Kwa kweli wahitajiwa mafundi wawili, maana gari hili ni vitu viwili vilivyoungwa pamoja. Mmoja ajue mitambo ya kamio. Mwingine ajue mambo ya nyumba, yaani paa, maji, gesi na umeme. Huko Marekani kipo chama kinachofundisha na kuthibitisha wakaguzi wa magari ya namna hii, kiitwacho National Recreational Vehicle Inspectors Association.

Mkaguzi alipwe na mnunuzi, wala asiwe rafiki wa muuzaji. Na kama iwezekanavyo, asiwe yuleyule atakayelipwa kuyatengeneza makosa aliyoyaona. La sivyo atashawishika kuyaona hata yasiyokuwapo.

Tena mtu asidanganywe na karata ya serikali. Katika Uingereza magari hupimwa kila mwaka kwa jaribio liitwalo MOT. Lakini jaribio hilo hutazama usalama wa barabarani na moshi, halielezi hali ya mtambo kwa ndani wala ya sanduku la gia. Katika Ubelgiji, tangu mwaka 2006, anayeuza motokari iliyotumika hulazimika kumpa mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, inayoonyesha kilomita zilizoandikwa mwaka hata mwaka. Hati hizi ni njema, lakini hazishiki nafasi ya macho ya fundi.

Mtambo husema asubuhi

Mtambo wa namna hii ulibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Mtambo wake uliofaulu ulijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Hauna plagi za cheche. Pistoni hubana hewa kwa nguvu hata ikawa moto sana, na mazutu yakipulizwa humo hushika moto yenyewe. Basi tuelewe: nguvu zote zategemea kubana kule. Ringi na silinda zikilika, hewa huvuja, haipati joto la kutosha, na mtambo hukataa kuwaka ukiwa baridi.

Hapo ndipo lilipo jaribio la kwanza, nalo halina gharama. Mkaguzi humwomba muuzaji asiuwashe mtambo kabla yeye hajafika, na akifika huushika kwa mkono. Akiukuta una moto, aulize sababu. Maana mtambo mchovu huwashwa mapema ili uonekane kijana.

Mtambo ukiwaka, mkaguzi hutazama moshi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi, ukitoweka upesi, si neno. Mweupe usiokoma waonyesha mazutu yasiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Wa buluu wamaanisha kwamba oili inaungua. Mweusi mzito waonyesha kwamba mazutu yazidi hewa: labda chujio la hewa limeziba, labda turbo au pua za mazutu zina kasoro. Kisha hufungua kifuniko cha kutilia oili, mtambo ukiwa unanguruma polepole. Upepo na moshi vikitoka kwa nguvu, kama chungu kinachochemka, ni dalili kwamba hewa iliyobanwa yapita kando ya pistoni.

Halafu hutoa oili kidogo kwa chupa safi na kuipeleka maabara. Gharama yake huko Marekani ni makumi machache tu ya dola, na majibu yake husema mengi kama damu ya mgonjwa. Chuma kikizidi, kitu cha chuma kinalika, mara nyingi silinda. Risasi na shaba zikizidi, bearingi zinakwisha. Vumbi la mchanga likionekana, chujio la hewa halikutunzwa. Dawa ya maji ya radiatori ikionekana, kuna ufa au gasketi iliyopasuka. Lakini mkaguzi mwenye akili huuliza kwanza oili ilibadilishwa lini. Kwa maana oili ya jana haiwezi kutoa ushuhuda wa mwaka uliopita.

Maji ya radiatori nayo hupimwa. Katika mitambo mikubwa ambayo maji hugusa silinda kwa nje, mtetemo huzaa mapovu madogo, nayo yakipasuka hudonoa chuma hata kukitoboa. Dawa iliyotiwa katika maji huzuia jambo hilo. Ikiisha nguvu na isibadilishwe, maji hupenya kidogo kidogo mpaka mtambo unakufa. Kubadilisha mtambo mkubwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Mwisho, gari liendeshwe, si kuzunguka uwanja tu, bali nusu saa na zaidi, na kilima kimoja kizuri kisiachwe. Kilimani ndiko joto la maji, gia na turbo hujulikana. Kwa mitambo ya miaka hii, fundi huunganisha pia kompyuta yake na kusoma makosa, saa za kazi na kilomita zilizohifadhiwa ndani.

Tarehe iliyoandikwa katika mpira

Mipira ya nyumba ya magurudumu aghalabu huzeeka kabla ya kulika. Meno yake huonekana mapya, lakini ndani imekauka, na ikipasuka mbioni hupindua gari zima. Mtengenezaji ameandika umri wake ubavuni. Karibu na herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Mpira ulioandikwa 2319 ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, umetengenezwa kabla ya mwaka 2000, nao haufai kubeba watu. Watengenezaji wengi hushauri mpira usitumiwe kupita miaka 10, hata kama meno yangali marefu. Na mkaguzi asisahau ubavu wa ndani, ambao muuzaji haupaki rangi.

Maji na gesi

Katika sehemu ya nyumba, adui mkubwa ni maji. Mkaguzi hupanda juu na kutazama viungo vya paa, madirisha na mashimo ya hewa. Kwa ndani hupima unyevu wa kuta kwa chombo maalum, hufungua makabati ya pembeni na kunusa, hutembea polepole akisikiliza sakafu kwa miguu. Mahali panapobonyea ni mahali ambapo mbao zimeoza. Ukuta ulioloa hauponyeki kwa rangi. Rangi mpya mahali pamoja tu yafaa iulizwe ilikuja kuficha nini.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Hushuka na kulala sakafuni ikingoja cheche. Kwa hiyo mabomba yake hupimwa kwa shinikizo, na kengele ya kuonya juu ya gesi huwekwa chini karibu na sakafu. Kengele ya moshi wenye sumu wa moto usioungua vizuri nayo ijaribiwe, kwa sababu sumu hiyo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kisha jenereta, friji, pampu ya maji na betri ziwashwe kwa muda mrefu, wala si dakika mbili.

Namba na hati

Tangu mwaka 1981 magari yote yanayouzwa Marekani yana namba ya kitambulisho yenye alama 17. Namba ya chuma na namba ya hati zilingane, bila hata alama moja kupishana. Kwa namba hiyo mnunuzi aweza kuchungua kama gari lina deni la benki, kama liliwahi kuibiwa au kuzama. Baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005 magari mengi yaliyozama kusini mwa Marekani yalikaushwa, yakapelekwa mbali na kuuzwa kwa watu wasiojua. Matope chini ya viti na kutu ndani ya viungo vya umeme ndivyo vilivyoyafichua.

Baada ya ukaguzi

Ripoti iandikwe, na ipigwe picha. Mbele ya mnunuzi huwa njia tatu: kununua, kupatana bei upya, au kuondoka. Tuseme bei ni dola 60,000, na ukaguzi umegharimu 1,200. Ripoti yaonyesha kwamba mipira yote sita imepita umri, nayo ni dola 3,000, na paa lahitaji matengenezo ya dola 5,000. Mnunuzi anayo sasa sababu ya kuomba punguzo la 8,000, wala si kelele za sokoni. Na kama mtambo umeonekana mgonjwa, aondoke. Zile 1,200 hazikupotea; zimezilinda 60,000.

Jambo gumu hapa ni moyo. Baba ameliona gari, mama amekwisha kuchagua mapazia, watoto wameonyeshwa picha. Hapo fundi huonekana kama mtu wa kuharibu furaha. Kwa hiyo arabuni isitolewe bila maandiko yasemayo kwamba itarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa. Na muuzaji akisema, "Leo leo, mwingine anakuja jioni," au akikataa gari lisikaguliwe, amekwisha kutoa jibu.

Huku kwetu maabara ya oili si rahisi kupatikana, na pengine kompyuta ya fundi haipo. Lakini hesabu tena, msomaji, yasiyohitaji fedha: mkono juu ya mtambo kabla haujawashwa, macho kwenye moshi, kifuniko cha oili kilichofunguliwa, tarakimu nne za mpira, kilima kimoja, namba ya chuma kando ya namba ya hati. Mambo sita, asubuhi moja. Jamaa wanaochangia kamio wasimpeleke mwenye haraka wala mwenye fedha peke yake. Wampeleke pamoja na fundi wanayemwamini, wamlipe ujira wake siku hiyohiyo, na akisema hapana, warudi nyumbani na fedha zao zote.