Bastola Siku ya Idd

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, kila Idd huwaona watoto wetu, kanzu mpya mwilini, wakifukuzana uani na bastola za plastiki. Mmoja humwelekezea mwenziwe mtutu kichwani na kupaza sauti, "Nimekuua!" Nasi wazazi hucheka. Tena ni sisi tuliowapa fedha za kuzinunulia, mkono wa Idd.

Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemkataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui, huenda shetani akauchochea mkono wake naye akatumbukia Motoni. Abu Daud naye amepokea kuwa masahaba walipomfanyia mzaha mwenzao aliyelala, akagutuka kwa hofu, Mtume alieleza kwamba si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Plastiki si chuma, tunakiri. Lakini mkono unaozoeshwa ni ule ule.

Wapiganaji vita wamelitambua hilo zamani. Mwaka 1996 kikosi cha wanamaji cha Marekani kiliuchukua mchezo wa kompyuta uitwao Doom II, kikaugeuza kuwa chombo cha kuwafunzia askari. Mwaka 2002 jeshi la nchi kavu la nchi hiyo likatoa mchezo wake lenyewe, America's Army, uliogawiwa bure kwenye intaneti ili kuwavuta vijana wajiunge na jeshi. Ulidumu miaka 20, hadi 2022. Ikiwa majeshi yameona faida hiyo, vipi sisi tuseme kwamba mchezo ni mchezo tu?

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mtaalamu Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la kupuliziwa hewa. Walipoachiwa sanamu hilo, wengi waliiga vipigo na maneno yale yale.

Hatudai kuwa kila achezaye vita atakuwa muuaji. Wataalamu wangali wanahitilafiana. Tunachochelea ni moyo kufa ganzi. Katika mchezo, aliyeuawa huinuka tena. Katika vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, na katika vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba mwaka huo huo, mtoto aliyezikwa hakuinuka. Nayo Sura ya Al-Maida, aya ya 32, yatufundisha kuwa kuiua nafsi moja bila ya haki ni mfano wa kuwaua watu wote.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuitazame alama ya umri kwenye kasha la mchezo. Palipoandikwa 18, mtoto wa miaka 9 hana fungu lake. Pili, tukae nao watazamapo, tuwaulize wanachokiona. Tatu, tuwape badala: mpira, mbio, kuogelea. Mtume wetu alishindana mbio na Bibi Aisha, na alirefusha sijda kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni. Nne, na hili ndilo zito, tuizuie mikono na ndimi zetu majumbani. Maana mtoto aonaye mamaye akipigwa hahitaji televisheni kumfunza ukatili.

Ewe Mola, zilainishe nyoyo zetu na za watoto wetu, na uwape amani waliomo vitani. Amin.